Kupe Ndani ya Shina la Nyanya

Jumatatu, 3 Juni 1974
Nimemwagilia nyanya kabla ya kazi, kama kawaida. Kibamba nzima inajua kwamba mchuzi wa harusi ya binti yangu Tatu utatoka bustanini kwangu. Nilitangaza mwenyewe kikaoni. Mdomo huu.

Jumatano, 5 Juni
Mashina manne yamelala saa sita mchana. Mabichi kabisa, hata jani la njano hakuna. Jioni yakainuka. Nikaongeza maji. Jirani yangu Bi Mwanaidi, Mzaramo, mtani wangu, akachungulia juu ya ua: "Mnyamwezi, nyanya zimechoka na hotuba zako." Mie balozi wa nyumba kumi. Hotuba ninazo.

Ijumaa, 7 Juni
Nusu ya bustani imenyauka. Kila nikiongeza maji, zinazidi kufa. Naogopa aibu. Mama Tatu anapika mchicha tu.

Jumamosi, 8 Juni
Bwana shamba kaja. Kakata shina, kalitumbukiza kwenye glasi ya maji. Uzi mweupe ukateremka kama maziwa. Bakteria. Wameingilia mizizini, wakakaa kwenye mirija ya maji, wananyonya chakula kinachopita humo. Wanazaana mpaka mirija inaziba. Mmea unakufa kiu umesimama majini.
Na maji yangu ndiyo yaliyowahamisha shina hadi shina. Wasafiri wa bure.
Kila kikao nawalaani kupe na wanyonyaji. Kumbe kila asubuhi nawanywesha.

Jumapili, 9 Juni
Nimeng'oa zote, nimechoma. Roho iliniuma. Bi Mwanaidi akaja na kanga ya msiba, akaketi kwenye majivu, akazililia nyanya moja moja, kila moja kaipa jina. Mama Tatu alicheka mpaka akakaa chini. Na mie nikacheka. Mchuzi bado hakuna.

Ijumaa, 14 Juni
Bi Mwanaidi kaleta matenga mawili ya nyanya za shambani kwake. Kakaa mlangoni nayo. Hayapiti mpaka nikiri mbele ya watu kwamba kupe ni mie.
Nimekiri. Kwa sauti ya kikaoni.

Jumapili, 16 Juni
Tatu kaolewa. Mchuzi ulikuwa mwekundu hasa. Sikutoa hotuba. Nilikaa karibu na sufuria, nikala sahani tatu.
Nyumba imepoa. Palipokuwa na nyanya nitapanda mahindi. Bwana shamba anasema bakteria wale hawayawezi. Bi Mwanaidi keshasema ya kuchoma ni yake. Nitampandia mstari kandokando ya ua, asisumbuke kunyoosha mkono.