Mahali Ishara ya Seli Inapoishia

Kasulu, Jumanne

Yuko sahihi, na ndiyo sababu naandika haya.

Consolata, niliyemfundisha baiolojia, sasa yumo katika jopo linalopanga michakato ya seli kwa makundi ili kompyuta za watafiti zielewane. Leo alinipigia kutoka Dodoma kutaka maoni yangu: ishara ikiifikia seli, tuhesabu imeishia wapi? Nikamwambia inaishia seli inapogawanyika, maana ndilo lililokusudiwa.

"Hapana, Mwalimu. Kwetu Kibondo nikikupigia makofi ya salamu, salamu inaisha ukishaitikia. Ukinipa kigoda, hilo jambo jingine. Wangapi wanapewa kigoda bila kusalimu? Basi, jeni ikishaitikia, ishara imeisha."

"Wewe kigoda ulikuwa hukisubiri, unajikalia tu," nikamtania. Akacheka sana.

Lakini hoja imenichoma. Seli hugawanyika kwa ishara nyingi tofauti, kwa hiyo mgawanyiko lazima uwe na kundi lake. Makofi hayo nimeyaitikia maisha yangu yote, na sikuyaona.

Namwonea wivu. Daktari hanifichi tena hali ya moyo wangu, nami nilitaka uamuzi mmoja, hata mdogo, ubaki kwenye kazi ile ukiwa wangu. Ningeshikilia, angenisikiliza, bado ananiogopa kidogo.

"Andika hivyo, mwanangu," nikasema. "Uko sahihi."

Akauliza kama aweke na jina langu kwenye uamuzi huo, kwa kuwa tumeshauriana. Nilitaka kumwambia kwamba uamuzi ni wake peke yake.

Kisha nikamwambia aliweke.