Mama mkwe amempigia mwizi deki

Mwenzangu, uko wapi? Sijui nicheke au nilie.

Chumba changu cha kushonea kimevunjwa, cherehani imebebwa! Nikamwambia mama mkwe, "Mama, usiguse kitu, nawafuata polisi." Akaitikia vizuri kabisa, "Haya mwanangu."

Narudi na afande, sakafu inang'aa kama kioo. AMEPIGA DEKI!!

Afande akaganda mlangoni, mguu mmoja hewani. "Nani kasafisha hapa?"

Mama mkwe huyo, kwa maringo: "Mimi. Wageni wa serikali waje wakute matope ya watu?"

Matope ya watu! Si ndizo nyayo za mwizi hizo!

Na dirisha alilopitia? Kalifuta. Na bilauri aliyonywea maji? Kaiosha, na ndiyo hiyo hiyo aliyomkaribishia nayo afande. Keshainywea!!

Afande akashusha pumzi. "Mama, siku nyingine mkivunjiwa, tokeni nje, fungeni mlango, msiguse hata sindano mpaka tufike." Mama mkwe anaitikia kwa kichwa utadhani yeye hayamhusu.

"Sasa mwizi hakuacha chochote?" afande akauliza, keshakata tamaa.

"Aliacha kofia."

Weee, afande macho yakamng'aa. Kofia! Jasho, nywele, kila kitu! "Iko wapi, mama?"

Akamwonyesha kamba ya nguo. Kofia inachuruzika maji.

"Ilikuwa inanuka, nikaifua. Subiri ikauke, mwanangu, niipige pasi ndiyo uende nayo."