Sala Kabla ya Chakula

Malton, karibu na Toronto

Mdogo wangu Tumsifu,

Theluji imeyeyuka, na koti ulilonishonea bado linanikaa. Jumapili, baada ya misa ya Kiswahili, walitupigia vigelegele kwa miaka arobaini ya ndoa, wakatuomba tuwafunde wachumba. Nilicheka tu.

Tangu watoto wahamie Pickering, shemeji yako Valerian hazungumzi nami. Ya moyoni humwambia Mungu wakati wa kubariki chakula, nami huyasikia hapo hapo. Ndivyo nilivyojua kwamba ameachishwa kazi uwanja wa ndege.

Jana alisali, "Ee Bwana, unajua nilivyo mpweke ndani ya nyumba hii."

Nilitaka kumshika mkono, mdogo wangu. Nikasema, "Amina," nikampakulia wali.

Dada yako,
Leokadia