Kuhusu Hiyo Gofu Yako

Mdogo wangu Paskali,

Salamu zikufikie hapo Qurus, wewe, mkeo na watoto. Mvua imenyesha? Maharage yametoka, au panya wamewahi tena? Na yule ng'ombe mwekundu alizaa salama? Nijibu hayo kwanza kabla hujaanza kuniletea ya kwako. Mimi huku Uskoti ni mzima, ukiondoa magoti yanayouma na hasira, na vyote viwili umenisababishia wewe.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Nikikutumia ujumbe wa sauti unasikiliza mwanzo tu, unajibu "sawa dada", yameisha. Barua hii anakuja nayo binti wa mwenye duka la pembejeo pale Karatu mjini, amemaliza masomo na anarudi nyumbani. Nimemwambia akukabidhi mkononi, mama akiwepo.

Sasa tuje kwenye hiyo gofu yako. Umenitumia karatasi za yule bwana wa hoteli anayetaka korongo letu lote, kuanzia nyuma ya jiko la mama hadi ng'ambo, alifanye uwanja wa gofu wa wageni wanaokwenda kreta kuona wanyama. Ukaniambia nitie sahihi haraka, kwamba tumebaki mimi na wewe tu, mama ameshakubali. Ukaongeza na hili: "Dada, wewe si unaishi na wazungu, gofu unaijua." Paskali, mimi huku namtunza mzee. Namwogesha, nampa dawa, nampikia uji. Gofu ningeijulia wapi?

Basi nimeijua. Mzee wangu anaitwa Hamish. Mimi namwita Mzee Hamisi, naye anaitika. Ana miaka themanini na kitu na moyo wake ni mgonjwa, wa kubembeleza. Wiki iliyopita marafiki zake wawili wakamjia na wazo la safari ya gofu, kama walivyokuwa wakisafiri zamani wakiwa na nguvu zao. Walitaka uwanja mmoja wa umma ulio juu ya majabali, kando ya bahari. Daktari akasema aende, lakini aende na mtu. Mtu mwenyewe nikawa mimi.

Waliposema uwanja, nilijua ni kama zile bustani za lodge za Karatu, majani yamekatwa, unatembea umependeza. Nikavaa viatu vyangu vya kanisani. Mdogo wangu, kile si uwanja. Ni milima mitupu. Mabonde, mawe, vichaka vya miiba yenye maua ya njano, upepo unaokunyang'anya pumzi mdomoni, na chini kabisa bahari inapiga majabali. Kuna mahali unasimama na kuchungulia chini kama tunavyochungulia kreta pale juu kwenye ukingo, ila kule kuna ukungu na nyati, huku kuna ukungu na wazee watatu wanabishana nani aanze.

Na mfuko wa fimbo nani aubebe? Nilihesabu fimbo kumi na nne za kupigia kampira kamoja. Nikauliza kwa nini wasichague moja nzuri wakaacha nyingine nyumbani. Mzee mmoja mwenye masharubu akanieleza kwa urefu, mvua inanyesha, na bado sikuelewa.

Mchezo wenyewe uko hivi. Unapiga mpira, unapotea. Unautafuta kwenye miiba, unaupata, unaupiga, unapotea tena. Saa nne nzima! Halafu wanasema wamepumzika. Mimi nikaona nisaidie. Nilikuwa nimetangulia mbele, nikaiona mipira imezagaa kwenye majani, nikaiokota kama tunavyookota maharage yaliyobaki chini tukishamaliza kupiga. Nikajaza mifuko ya koti, nikarudi nimefurahi, nikawafungulia waone. Tisa! Wazee wakaigeuza mmoja mmoja wakitafuta alama zao. Mitatu ilikuwa yao, ndiyo waliyokuwa wanaifuata.

"Basilisa," Mzee Hamisi akasema, "huo wa kwangu ndio mpira mzuri kuliko yote niliyopiga tangu mke wangu afariki."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye akacheka mpaka akakohoa, ikabidi nimkalishe nimpe maji.

Halafu kuna kondoo. Kondoo wa watu, wamo humo humo uwanjani wanakula, mchungaji hayupo. Nikasema hapa sasa pana kesi, maana kwetu kondoo akiingia kwa mtu tunajua tutaishia kwa mwenyekiti wa kijiji. Nikaanza kuwaswaga watoke. Mzee Hamisi akanipigia kelele, "Waache! Ni wa wanakijiji hao, hapa ni malisho yao." Nikamwuliza uzio uko wapi. Uzio hakuna. Kuna kawaya kamoja tu, kanafika magotini, kamezunguka kale kasehemu laini kenye shimo na bendera ili kondoo wasikakanyage. Nikakashika. Kumbe kana umeme. Niliruka, mfuko ukamwagika, fimbo zote zikateremka bondeni, nami nikateremka kuzifuata kwa magoti na viatu vya kanisani.

Nikiwa huko chini naokota fimbo na kukutaja jina, nikamwona mama mmoja mtu mzima anapanda kutoka upande wa baharini na kikapu mkononi. Akakatiza katikati ya uwanja. Yule mwenye masharubu alikuwa ameshainua fimbo apige. Akaishusha. Wote watatu wakasimama, mvua inawapiga usoni, wakamsubiri. Yule mama hakuharakisha hata kidogo. Alisimama akamwuliza Mzee Hamisi habari za moyo wake, akailalamikia mvua, ndipo akaendelea na safari yake.

"Ni nani yule?" nikauliza.

"Simjui sana. Anakwenda dukani, kijiji cha pili."

"Na mmemsubiri wote watatu?"

Mzee akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Yeye yuko kwenye njia yake," akasema. "Sisi tunacheza tu."

Paskali, nilikaa kwenye jiwe lililolowa nikalia. Wao walifikiri ni ule umeme.

Nililia kwa sababu nilimwona mama yetu. Kila asubuhi anatoka mlango wa jikoni na chupa ya maziwa, anashuka korongo, anapumzika kwenye lile jiwe la katikati, anapanda ng'ambo kwa mama mkubwa Theresia. Dada yake haoni tena, na hana mwingine anayemsubiri kwa hamu hivyo. Mama hajaacha hata siku moja. Hata kesho yake baada ya kumzika baba alikwenda. Kuzunguka kwa barabara ni nusu ya siku kwa miguu yake, na pikipiki unajua anaiogopa kuliko chui.

Usiku ule nilizitoa zile karatasi nikazisoma neno kwa neno, kazi ambayo wewe hukuifanya, au uliifanya ukanyamaza. Imeandikwa uzio pande zote. Imeandikwa mtu asipite bila kibali. Nikampigia mama kwa simu ya mkeo. Anasema ulimwambia wageni watakuja, watacheza, wataondoka. Nikamwuliza, "Mama, sasa utapita wapi kwenda kwa dada yako?" Akacheka. Akasema, "Si nitapita pale pale?"

Umesikia? Pale pale. Hivyo ndivyo alivyokubali, na wewe ukaniandikia kwamba amekubali.

Sikutukani. Najua korongo linakula shamba kila masika, najua umechoka kupanda matete yanayosombwa na maji, na huyo bwana ameahidi kulizuia na kukupa kazi ya usimamizi. Kazi hiyo unaistahili, na ningefurahi kukuona umeipata. Wala gofu yenyewe siikatai, ingawa ni mchezo wa kuchosha kuliko kulima. Ninachotaka ni njia iandikwe. Mama apite na maziwa yake, saa yoyote, na mwenye fimbo ashushe fimbo asubiri. Wazee watatu wagonjwa wameweza kusubiri kwenye mvua. Wageni wenye miavuli na viti watashindwaje? Bwana huyo akikataa kuiandika, akatafute korongo lingine. Umenielewa, au nije?

Karatasi zako nazirudisha ndani ya bahasha hii. Pale pa sahihi yangu nimepaacha wazi. Lakini ile ramani waliyoipaka kijani kuanzia juu hadi chini, kana kwamba hakuna aliyewahi kukanyaga hapo, nimeichorea njia kwa kalamu nyekundu, kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa mama mkubwa. Na jiwe nimeliweka. Usithubutu kuifuta. Mpelekee hivyo hivyo, uangalie uso wake anapoitazama, uniambie.

Msalimie sana mkeo, mwambie kitenge alichoomba nimekipata. Wasalimie wanao, na baba mdogo wa mashine ya kusaga, na mama wa kwaya anayenidai bado sauti ya pili niliyoondoka nayo. Barua hii msomee mama yote, usiruke, hata pale nilipoanguka. Najua atacheka.

Mama mkubwa usimsalimie wewe. Salamu zake mwachie mama azipeleke mwenyewe, asubuhi, kwa miguu, na chupa ya maziwa mkononi.

Ni mimi dada yako, nakupenda hata leo,
Basilisa