Nyasi za Uani kwa Mama

Nyumbani,
Jumapili alasiri.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo? Wifi yangu naye hajambo? Na kile kikohozi kimekuachia, au bado unawaamsha majirani? Sisi huku wazima. Hakuna joto wala baridi, ila huu upepo wa baharini umetuchosha. Nguo tunazibana kwa vibanio viwili viwili, na bado shuka la Mama tulilikuta kwa jirani.

Najua unachosubiri kusikia, kwa hiyo sikuzungushi. Uliandika kwamba Mama asipoanza kutembea mpaka mwisho wa mwezi, utakuja umchukue akakae kwako. Nilikuelewa, wala sikukasirika. Haya, nilikasirika kidogo. Tangu alipoanguka kwenye saruji ya uani, mguu umepona na daktari amethibitisha, lakini barazani hashuki. Anakaa kwenye kiti chake, fimbo mapajani, anatutuma sote. Mimi nilikuwa naogopa, nakwambia kweli. Nyumba hii bila yeye sijui ningeipendea nini.

Shemeji yako ndiye aliyetoa wazo tuvunje ile saruji tuweke nyasi, ili Mama akianguka tena aanguke pazuri. Mama kusikia hivyo akauliza, "Kwani mmeshapanga na siku ya kuanguka kwangu?" Lakini hakukataa.

Nyasi zenyewe si za kupanda mbegu. Zinaletwa zimeshaota, zimekatwa pamoja na udongo wake na kukunjwa kama mikeka; kazi yako ni kuzikunjua ardhini. Tulichimbua, tukachanganya samadi na ule mchanga wetu, tukasawazisha kwa ubao. Hapo shemeji yako akajifunga kibwebwe. Si unamjua, maisha yake yote ni fundi vigae. Akavuta uzi, akapanga mikeka kwa mistari iliyonyooka kama sakafu ya benki, na kati ya mkeka na mkeka akaacha nafasi ya kidole. Nikamuuliza nafasi ya nini. Akanitazama kwa huruma. "Ya kujazia, mke wangu." Ya kujazia nini, wakati hivi si vigae vya kujaziwa saruji, alipofikiri hata yeye hakujua, lakini mistari ilikuwa imeshampendeza, akakataa katakata kuigusa.

Muuza nyasi alituonya mtu asikanyage mpaka mizizi ishike. Basi tukawa na uwanja uliotengenezwa ili Mama atembee, na Mama amepigwa marufuku kuukanyaga! Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikalia.

Wiki iliyopita, asubuhi moja, shemeji yako yuko kazini, upepo ukaja kwa nguvu. Ukapenya kwenye zile nafasi, ukaanza kunyanyua mikeka ya upande wa baharini. Nikakimbia na matofali. Nikikandamiza hapa, pale panainuka. Mama naye huko barazani, "Nyuma yako! Nyuma yako, wewe!" Nikamjibu vibaya, Mungu anisamehe, "Mama, mimi nina miguu miwili tu!"

Hapo hapo nikajua nimemuumiza. Nilipogeuka nimwombe radhi, nilimkuta ameshashuka ngazi na kusimama juu ya mkeka uliokuwa ukijikunja, pekupeku, gauni linapepea, fimbo hana. "Sasa unashangaa nini? Lete tofali."

Nililileta mbio, na aliyejikwaa ni mimi, si yeye.

Muuza nyasi alipopita jioni alisema mikeka inatakiwa ibanane, tena ipishane kama matofali ya ukuta. Shemeji yako kaipanga upya yote, kaufyata kabisa, na Mama alisimama ukingoni kumsimamia mpaka mwisho. Tangu hapo kila asubuhi anashuka kukagua.

Sitaki kukudanganya: haendi mbali, na akipanda ngazi bado anashika ukuta. Lakini anashuka mwenyewe, bila kubembelezwa. Kwa hiyo, mdogo wangu, usije kumchukua. Njoo ututembelee.

Mjomba anakusalimu, na Mama Mdogo anauliza lini utampigia simu. Wabusu watoto, waambie ni shangazi yao. Mungu awalinde na awape riziki yenye heri.

Nilimuuliza Mama nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Kasema nisiandike kitu, atakusalimu mwenyewe atakapokuja kukupokea getini.

Wako akupendaye,
Dada yako.