Alama ya Mkono wa Kushoto

Nakuru, kwa yadi ya mbao,
Jumanne asubuhi.

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana kutoka huku kwenye vumbi. Je, mgongo umepunguza kuuma? Na ile ng'ombe nyekundu bado inapiga ndoo teke, ama imeokoka? Mimi ni mzima kabisa. Nimenenepa mpaka vifungo vya shati la kanisa vinalalamika. Hapa yadini naitwa injinia. Sijasema ni nani ananiita hivyo, lakini naitwa.

Najua utauliza huyu aliyeacha shule kidato cha pili ametoa wapi maneno ya kujaza karatasi. Ni kwa sababu ya simu, mama. Ukisema halo tu, mimi naanza mizaha, na lile neno nililotaka kukuambia linatoroka. Kwa karatasi hakuna mtu wa kunichekea. Tafadhali soma mwenyewe na miwani yako. Usimpe mtu akusomee, hata mchungaji.

Jumapili ya pili ya mwezi ujao dada Jepleting atampeleka mtoto wake kanisani huko Mai Mahiu aombewe. Alinituma nikuulize kama utakuja. Jibu lako nalijua tayari. Ulisema hutakanyaga nyumba yake mpaka aseme pole kwa kunichoma mkono. Miaka kumi na moja umeingoja hiyo pole, na miaka kumi na moja amekataa kuitoa. Vichwa viwili vya mawe, na mimi katikati nakula kwa nyinyi wote. Hebu tuweke hiyo kando kidogo, nikupe habari za damu yangu.

Nilikuambia kuhusu Omolo, yule tunapasua naye mbao. Mwezi wa pili alikuja na maneno kwamba kuna madaktari wa utafiti hapa mjini wanatafuta watu wazima wenye afya, wachukuliwe damu. Nikamwambia basi utafutaji wao umeisha, wamenipata. Tukaenda. Daktari mkubwa wao ni mama mmoja mwembamba, Daktari Awuor, anaongea pole pole kama mtu anayemimina maziwa kwenye chupa. Alituambia anataka kujua ile sindano ya kifua kikuu, ile mtoto hudungwa akizaliwa, inaufundisha mwili nini zaidi ya kifua kikuu chenyewe. Wengine wetu walikuwa wameipata utotoni, wengine hapana. Kila mtu angetolewa damu, adungwe hiyo sindano, halafu baada ya miezi mitatu atolewe damu tena. Hiyo damu wanaiweka kwenye chupa ndogo na vijidudu vilivyokufa vya aina nyingine kabisa, wanaangalia itafanya nini.

Nesi aliniuliza kama nilidungwa nikiwa mchanga. Nikakunja mkono wa shati, nikamwonyesha alama yangu chini ya kiwiko. Akaiangalia sana, akauliza kama aliyenidunga alitumia sindano ama msumari. Nikamwambia huko Keringet tunadungwa kiume. Akacheka, akaandika ndiyo. Mama, hapo ndipo mdomo wangu ulinitangulia, kama kawaida yake.

Kesho yake baada ya sindano mkono ulikuwa na joto, na bosi akaniruhusu nilale mchana kwenye maranda. Sijui kama ilikuwa homa ama usingizi tu. Nilijiona natembea ndani yangu mwenyewe. Kulikuwa kama Keringet alfajiri, ukungu umelala juu ya chai na viazi, kila kitu cheupe na kimya, na ndani ya ukungu walinzi wamesimama kwenye malango, mamia, na makabuti yao mazito yaliyolowa. Hakuna aliyeniuliza naenda wapi. Nilipopita mmoja, aligeuza kichwa pole pole, akaangalia mkono wangu, kisha akaangalia chini kama mtu aliyeambiwa kitu cha aibu cha mtu mwingine. Niliamka maranda yamejaa masikioni. Omolo akasema nilikuwa nakoroma kama msumeno, nikamwambia ni utafiti.

Nilimsimulia Daktari Awuor hiyo ndoto, hakunicheka. Alisema sikukosea sana. Kuna chembe za damu ambazo hujifunza sura ya adui mmoja mmoja, kama polisi mwenye picha mfukoni. Lakini kuna zingine za mbele kabisa, za langoni, zinazompiga yeyote bila kujua jina lake, na zamani watu walidhani hizo hazikumbuki kitu, kila siku kwao ni siku mpya. Sasa inaonekana zinakumbuka kwa namna yao. Hazikumbuki sura, zinakumbuka kwamba kuliwahi kuwa na shida. Zikishtuliwa vizuri mara moja, zinabaki macho kwa miezi mingi, na akija mgeni mwingine kabisa zinamrukia haraka kuliko mwanzo. Kilichonishangaza ni kwamba zenyewe hazikai sana, zinakufa baada ya siku chache. Ni ndani ya uboho wa mifupa, mahali zinapozaliwa, ndiko habari inabaki. Zile changa zinatoka huko zikiwa tayari zimekunja ngumi, kwa sababu ya vita ambayo hazikuiona.

Nikamuuliza kama hiyo ni nzuri. Akasema mara nyingi ni nzuri, inaokoa watoto. Lakini zikiwa macho kupita kiasi zinaweza kuumiza ule mwili zilizowekwa kuulinda. Nikamwambia kuna mtu namjua anafanana na hizo, akipigiwa simu ya salamu na binti yake anajibu kama amevamiwa. Usikasirike mama, nilikuwa nakutania, na hukuwepo.

Halafu akasema neno ambalo lilinikaa. Alisema kazi yake yote ni kuuliza damu inakumbuka nini, na hawezi kuelewa jibu kama mtu amemdanganya kuhusu kilichompata. Hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anaandika vibandiko vya chupa. Lakini mimi niliona mkono wangu unawaka upya.

Sasa mama, keti.

Mimi sikudungwa ile sindano. Wewe unajua, uliniambia mwenyewe kwamba nilizaliwa ile Januari ya watu kukimbia, barabara ya Molo imefungwa na nesi hayuko, na zile zingine nilizipata baadaye lakini hii ikasahaulika. Nikiwa darasa la pili, Kemboi, yule tuliyekaa naye darasani, alianza kukagua mikono ya watoto wote. Kila mtu alikuwa na alama yake ndogo chini ya kiwiko, mimi peke yangu nilikuwa laini. Akasema asiye na alama aliokotwa, na darasa lote likaniita Wa Kuokotwa mpaka shule ikafungwa. Nilikuwa nimeona vijana wakubwa wanaochunga ng'ombe wakijiwekea makaa mkononi kuonyesha hawalii. Basi siku moja jioni, wewe uko kwa kukamua, nilitoa kipande cha kigunzi cha mahindi kinachowaka jikoni, nikakiweka pale pale mahali pa sindano, nikahesabu. Nilitaka kufika kumi. Nilifika nne.

Uliingia mbio ukauliza ni nani. Jepleting alikuwa anaingia mlangoni na mtungi wa maji. Nilisema ni Jepleting. Jina lake ndilo lilikuwa karibu. Ulimchapa na mwiko mpaka ukavunjika, ukamwambia aseme pole, akakuangalia tu. Na kila siku ulimwambia, na kila siku akakuangalia, mpaka akaenda kwa shangazi Mai Mahiu na hakurudi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikula uji wangu na asali, ile uliyoniwekea kwa sababu nimeumia. Ilikuwa tamu, mama. Hiyo ndiyo siwezi kusahau.

Nilimwambia Daktari Awuor kwanza, maana mgeni ni rahisi. Alinihamisha kwenye kundi la wasiodungwa utotoni, akanifanya niandike ukweli kwa fomu na kalamu yangu. Kisha akauliza kama anayestahili kusikia hiyo habari ni yeye.

Jumamosi nilishuka Mai Mahiu. Mtoto ana wiki sita. Wamemwita Jepkemei kwa sababu alizaliwa kiangazi. Jepleting alikuwa anambadilisha nepi, na chini ya kiwiko cha kushoto nikaona kijipu kidogo chekundu, sindano yake inaiva vizuri kama inavyotakiwa. Nilifungua mdomo kufanya mzaha nikaanza kulia. Nikamwambia yote.

Aliendelea kukunja nepi. Akasema alijua. Alikiona kigunzi jikoni siku ile ile, na zile kelele za Kuokotwa alizisikia shuleni. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Alisema wewe mama ungenichapa mimi, na nilikuwa na kidonda tayari. Kichapo aliweza kukubali, lakini kusema pole kwa kitu ambacho hakufanya, hapo mdomo ulikataa, na bado unakataa. Halafu akanipa mtoto nimshike, akaenda kuinjika chai, akaniita mjinga.

Kwa hiyo mama, hiyo pole unayoingoja haiko kwake. Haijawahi kuwa kwake. Ni yangu, nakupa hapa, na nyingine nimempa yeye. Ukitaka kunichapa nitakuja na mwiko mpya, mbao ninazo. Lakini usimngoje tena. Yeye hajui kama nimekuandikia. Anajua tu kwamba alinituma nikuulize, na kila lori likipunguza mwendo pale kwenye vibanda anachungulia dirishani, halafu anajifanya anaangalia nguo kwa kamba.

Wasalimu majirani wote, na uiambie ile nyekundu iheshimu ndoo. Mungu akulinde na baridi ya huko. Nitakungoja ile Jumamosi ya kabla ya maombi, asubuhi, hapa stendi, tushuke pamoja. Nitavaa lile shati.

Ni mimi mwanao mpumbavu,
Kibii