Kwangu Mama Huivua Barakoa

Nyuma ya karakana ya useremala,
Mtaa wetu uleule.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu kwanza, maneno yatafuata. U hali gani huko kwenye baridi? Kile kikohozi kimekuachia? Na shemeji yangu mpole, bado anakula kama anayeogopa kukiumiza chakula? Sisi huku Mungu ametushika, ila mama kidogo, na habari yake ndiyo iliyonikalisha chini leo baada ya ibada.

Usishtuke. Mama yu hai na anaongea. Tena anaongea mno, na hapo ndipo penye taabu.

Pumu yake imerudi. Daktari ameagiza apewe dawa kwa mashine ya mvuke, asubuhi na jioni. Ni kidude cha kukaa mezani, kinanguruma kama cherehani yangu ikikosa mafuta. Dawa ya maji unaitia kwenye kikombe kidogo, mrija unaleta hewa, dawa inageuka ukungu, na mgonjwa anauvuta ndani ya barakoa ya plastiki mpaka kikombe kikauke. Anatakiwa avute polepole, na asiongee. Mama yetu, asiongee! Wewe unamjua.

Muuguzi alitufundisha mimi na wifi yetu pamoja, benchi moja, kwa hiyo asije mtu akakwambia mimi sijui. Asubuhi ni zamu yangu. Kikombe nimekiosha na kukianika kwenye kitambaa safi, mama nimemketisha wima, nawasha. Hata hajavuta vizuri, barakoa iko kidevuni. "Umekaza mno huu mpira. Na yule wa gauni la kijani alikuja? Si nilikwambia kiuno kitambana?" Namrudishia, anaishusha. Dawa yote inapanda juu, tunaitibu dari.

Jioni wifi akitoka shuleni kwake, njoo uone maajabu. Mama anakaa kama bibi harusi, mikono mapajani, macho chini, anavuta mpaka tone la mwisho. Akimaliza anasema, "Ahsante, mwanangu."

Mwanangu! Mdogo wangu, nakwambia wewe na Mungu anayeiona mioyo: wivu ulinikata maini. Mimi ninayemwogesha, ninayelala naye chumba kimoja, ninayejua mguu upi unamuuma kabla hajasema. Yeye anakuja na mkoba wake na marashi yake, anabonyeza kitufe, anaitwa mwanangu. Na majirani hawanisaidii: "Mkwe wenu ana mkono wa baraka!" Wangu je, una nini? Mume wangu naye, badala ya kunifariji, akacheka juu ya randa yake: "Mke wangu, yule anafundisha chekechea. Kunyamazisha watu ndiyo kazi yake." Chai siku hiyo alijichemshia mwenyewe.

Nimesali wivu huu uniondoke. Nauacha pale nilipopiga magoti, nikifika mlangoni nauokota tena.

Basi kaka akaleta neno: mama ahamie kwao, kule ghorofani, mbali na vumbi hili la mbao. Nilikataa hata hajamaliza kusema. Nikamwambia madirisha ya upande wa karakana nitayaziba, na mama hatoki kwangu.

Alhamisi asubuhi kifua kikambana, kinapiga filimbi mpaka mafundi karakanani wakaacha misumeno. Nikawasha mashine. Na dhiki yote ile, mama akaishusha barakoa aniambie kwamba sijanywa chai. Nikamsihi, nikamfokea, nikalia. Akaishusha tena, sasa ananibembeleza mimi nisilie! Mpaka wifi alipoitwa, akaja mbio. Alipomgusa tu bega, mama akatulia, akavuta, filimbi ikapungua.

Wifi alipoondoka nikamuuliza mama kwa uchungu: yule unamtii, mimi uliyenizaa unanifanyia mchezo, kwa nini?

Akanitazama kama niliyeuliza jua linachomoza wapi. "Yule ni mkwe, namwonea haya. Niongee mbele yake na mate yananitiririka? Wewe ni mwanangu. Nikinyamaza na wewe, nitasema na nani?"

Nilitoka nikalilia kwenye maranda ya mbao. Kumbe nilikuwa naionea wivu haya ya mama kwa mkwewe, na raha anayoipata kwangu ndiyo inayomnyima dawa.

Kwa hiyo kesho anahama. Shuka zake nimezikunja mwenyewe. Lakini usidhani nimekuwa malaika: wifi alipokuja kuchukua mto wa mama, nilimpa ule wenye mabonge. Mungu anisamehe, ule mzuri nitaupeleka Jumanne.

Kaka anakusalimu, mume wangu pia, na shangazi wa duka la vitambaa. Wifi naye anakusalimu. Nimeandika, asije akasema sikuandika. Mola akulinde huko ugenini, akupe pumzi ndefu na usingizi usio na mawazo.

Ombi langu ni hili tu: jioni, saa ya dawa, usimpigie mama simu. Akisikia sauti yako ataivua barakoa, hata mkwe akiwa amesimama mbele yake. Saa hiyo nipigie mimi. Nitakuwa sina wa kuniuliza habari za wateja.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mshonaji